Raha ya Kifaru Njiani

Bonde lilijaa wanyama, lakini njia ya mtoni ilibaki nyembamba vilevile. Siku moja ndama wa Nyumbu akafa kwa kiu katikati ya msongamano. Mama mtu akamwendea mtawala wao, Kifaru.

“Mheshimiwa, tupanulie njia.”

“Ya nini? Mbona mimi napita kwa raha zangu?”

“Kwa sababu sisi hurukia miibani kukupisha!”

Kifaru akacheka, akashika njia ya mtoni. Nyumbu akawapigia wenzake kelele, “Leo asipishe mtu!”

Wakasimama kidete njiani, mbele na nyuma yake. Kifaru akafoka, akasukuma, akakwama juani hadi ulimi ukamtoka.

“Nipisheni, nakufa!”

Hakusogea mtu mpaka alipoapa kuipanua njia.

Kesho yake akaanza kung'oa miiba. Wanyama wakamshangilia, wakamwita mkombozi. Nyumbu hakushangilia.