Kipimo cha Mkaguzi

Mkaguzi wa kiwanda cha visu vya porini alikunja mkono wa shati, akagundua nywele zimemwishia. Kila kisu alikipima kwa kujinyoa, na sasa mikono yote miwili ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Akapandisha suruali. Miguu nayo vivyo hivyo.

"Pima kwa karatasi basi," alisema mama mnoaji, kisu mkononi.

"Karatasi hata rula inakata! Kisu kisiponyoa, hakitoki hapa."

"Jana ulinirudishia changu, eti butu. Leo kinanyoa. Au unaogopa, kaka?"

Mafundi wakazima mashine, wakasogea. Mkaguzi akajishika sharubu, zile alizozilea tangu ujana, ambazo mkewe huzisifia hata mbele ya wageni. Lakini maji ukishayavulia nguo, huna budi kuyaoga. Akafumba macho, akapitisha kisu upande wa kushoto.

Hakusikia kitu. Alipofumbua macho, nusu ya sharubu ilikuwa imelala kifuani pake.

"Kimepita," alisema kwa sauti ndogo.

"Ahsante, kaka." Mama mnoaji akamwekea kingine mezani. "Na hiki je?"