Foleni ya Maji ya Limau

"Tangu daktari aliponivuta kutoka tumboni mwa mama, hakuna mtu mwingine aliyewahi kunishika mkono," alisema Garrett Stohlman, akigeuza soseji kwenye mkaa. "Yote unayoyaona hapa ni jasho langu."

Koleo lake lilikuwa limeelekea kwenye nyumba. Nyumba yenyewe aliachiwa na baba yake, lakini rangi alipaka mwenyewe, na ukipaka rangi kwenye jua la Ohio unaweza kabisa kumsahau aliyejenga.

Dale, kaka wa mkewe, alimeza mate. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa theluji ilipoyeyuka, na Jumamosi hii ya Julai hakuwa amefuata soseji.

"Shemeji, nipe hata kazi ya kupandisha vigae tu. Mwisho wa mwezi tunahamia kwa mama, mimi na mke na watoto, na mama ana chumba kimoja na paka wake."

Garrett alikuwa na kampuni ya kuezeka mapaa, na tangazo la kutafuta watu lilikuwa bado limebandikwa kwenye gari lake. Hata hivyo alitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Nikikupa, nitakuwa nimekuibia."

"Utaniibia nini, na mimi sina kitu?"

"Nafasi ya kuinuka mwenyewe." Akamwonyesha dirisha la jikoni. Ukutani, juu ya sinki, ilining'inia noti ya dola moja ndani ya fremu. "Ile unaijua? Dola yangu ya kwanza. Nilikuwa na miaka minane. Meza, jagi la maji ya limau, palepale ukingoni mwa barabara. Watu walipanga foleni mpaka kona! Mtu anapiga funda moja, anafumba macho mpaka machozi yanamtoka."

"Kwa utamu?"

"Sasa kwa nini kingine? Na leo ni zamu ya Maisie. Anataka baiskeli. Mama yake alishatoa pochi, nikamwambia rudisha, mtoto wangu atajitafutia."

Maisie alikuwa barabarani tangu asubuhi, nyuma ya meza na kibao alichokichora mwenyewe. Mpaka saa sita alikuwa amepata wateja wawili. Wa kwanza alikuwa nyigu, naye hakulipa. Wa pili alikuwa mjomba Dale, aliyetoa dola aliyoiweka kwa ajili ya petroli, akanywa, uso ukamkunjamana kama soksi, akasema, "Tamu, mjomba!"

Sasa mtoto alikuja uani na jagi lake, mdomo wa chini ukicheza.

"Baba, labda mimi sina mkono wa biashara."

"Rudi mezani, binti yangu. Mwenye bidii hutafutwa na wateja."

Alipoondoka, Garrett aliutazama mgongo wake mdogo mpaka ukapotea kwenye kona ya nyumba. Kisha akakohoa.

"Ngoja nikatazame uzio wa nyuma," akasema, akamkabidhi Dale koleo. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza Dale kupewa tangu kiwanda kifungwe, na haikuwa na mshahara.

Uzio ulikuwa mzima. Garrett aliuruka kama mwizi wa kuku, akapita milango ya nyuma ya majirani, kila mlango noti moja na ombi moja. Wa mwisho alikuwa Bi Lundquist, bibi aliyekuwa akiishi mtaa huo tangu Garrett hajazaliwa. Alimkuta akimenya viazi.

Bibi alipokea noti, akaitia mfukoni mwa aproni. Hakuuliza ni ya nini.

"Niende sasa hivi, au nisubiri foleni ishike?"

Garrett alicheka. Kumbe bibi bado mwepesi namna hii! "Subiri ishike. Ila tafadhali, bibi, usimwambie mtu."

"Nimewahi kumwambia nani?"

Haukupita muda, foleni ikafika kwenye sanduku la barua la jirani wa tatu. Maisie alimimina mpaka mikono ikatetemeka. Mkebe ulipojaa, akaukumbatia na kukimbilia ndani kumwonyesha mama yake, huku nyuma mteja wa mwisho, Bi Lundquist, akimalizia kikombe chake.

Dale alikuwa ameshatoa funguo za gari. Garrett alimsindikiza mpaka barabarani, mkono begani, mhubiri kamili.

"Umeona, shemeji? Hakuna aliyemsukuma mtoto yule. Bidii tu! Wewe kazana, usitegemee mtu. Mimi nilitegemea nani?"

"Sijui, shemeji," alisema Dale. "Mimi sikuwepo."

"Huniamini?" Garrett aligeuka, akamwona bibi. "Si huyu hapa, alikuwepo! Bi Lundquist, hebu mwambie mwenyewe. Foleni yangu ilikuwaje?"

Bibi alitazama kwanza mlango wa nyumba, akahakikisha mtoto hayupo. Akamtazama Dale, akazitazama funguo zake. Akakiweka kikombe mezani polepole.

"Ndefu," alisema. "Ila maji haya ya Maisie walau yanamezeka. Wewe ulikoroga chumvi badala ya sukari, mwanangu. Baba yako, Mungu amrehemu, ilibidi azunguke tena milango ya nyuma na dola ya pili, ndipo tukakubali kurudi kwenye foleni."