Harufu Ndani ya Nyumba

Siku funza wa kwanza alipodondoka kutoka kwenye kidonda cha mguu wa Bernadetha, mumewe, Silvester, alibeba godoro akahamia ghala la mpunga, nyuma ya nyumba yao pale Kakese.

"Mama Scola, unaoza ukiwa hai," alisema na kutema mate. "Mimi sitaki kuambukizwa."

Bernadetha alimweleza kwamba kidonda cha sukari hakiambukizi. Silvester hakutaka kusikia. Usaha umedondoka kila mahali, alisema, atakayeukanyaga amekwisha. Akavaa mabuti yake ya kulimia mpunga jarubani na hakuyavua tena. Alikula nayo, akalala nayo.

Bernadetha aliogopa kitu kimoja tu, kukatwa mguu. Kila Jumanne na Ijumaa alipanda bodaboda mpaka hospitalini mjini Mpanda. Joséline, mtaalamu wa viungo, alimbandika vipande laini vyenye waya kwenye kigimbi, akawasha mashine ndogo. Umeme ukapita. Nyama ikaruka yenyewe, kama chura aliyefunikwa na ngozi.

"Ona, mama, mguu wako unacheza singeli!" Joséline alicheka. "Misuli ikicheza, damu inashuka mpaka kwenye kidonda. Wewe njoo tu, usichoke."

Nyumbani hakuna aliyecheka. Silvester alifika mlangoni kuchukua sahani yake, pua ameziba kwa kola ya shati. Alimaliza jagi la maji palepale, akaomba jingine.

"Huo umeme unachemsha uozo," alisema. "Unanuka mpaka ghalani kwangu. Hata pale ninapokojoa wamejaa sisimizi, wewe mwanamke!"

Na kweli harufu ilizidi. Ilikuwa nzito, tamu, ya panya aliyefia darini. Bernadetha alisugua sakafu kwa dawa. Alichoma shuka. Aliosha kidonda mpaka akalia. Majirani waliacha kuingia, na yeye mwenyewe akaanza kula kwa kijiko, maana mkono ule ulioshika bandeji ulimtia kichefuchefu.

Ijumaa moja Joséline alifungua bandeji, akainama mpaka pua ikakaribia unyayo.

"Kimefunga," alisema. "Halafu hakina harufu hata kidogo. Nyie nyumbani mnasikia nini?"

Bernadetha alishuka kwenye bodaboda akakanyaga chini kwa miguu yote miwili. Harufu ilimpokea kabla hajafika mlangoni. Aliifuata, akapita nyumba, akafika ghalani. Silvester alikuwa amelala kwenye magunia, anatetemeka kwa homa, nzi wamemjaa.

"Usinisogelee na huo mguu wako," alisema.

Bernadetha alipiga magoti, akavuta buti la kushoto kwa mikono miwili. Soksi ilitoka na vidole viwili.

Silvester hakusikia maumivu yoyote; sukari yake mwenyewe, ambayo hakuwahi kuipima, ilikuwa imeshaua mguu. Alikuwa ameziba pua, anautazama mguu wa mkewe.

Siku hizi Bernadetha ni mjane, na jaruba linalimwa na shemeji yake.