Fimbo ya Kuazima

Fimbo ile haikuwa yake, na ilitakiwa irudi kwa mwenyewe kabla ya saa kumi na moja jioni. Ya Kabura ilikuwa imekanyagwa na lori la kabichi wiki iliyopita, hapo hapo Nyeri mjini, na dereva hakusimama hata kuuliza kama kulikuwa na mtu aliyeishika.

"Nimekuambia mara mbili, msichana," alisema Hezekiah, meneja wa ushirika wa wakulima wa pareto. "Hii kazi haikufai. Hii ni simu, si vikapu. Kwani nyinyi hamkufundishwa kusuka vikapu?"

"Sijui kusuka, mzee. Nilifundishwa simu."

Barua yake ilikuwa juu ya meza. Kabura aliisikia ikifunguliwa, kisha ikakunjwa upesi mno, si na mtu aliyeisoma mpaka mwisho. Ilieleza kwamba mradi wa kanisa wa kuwasaidia wasioona ulimpeleka Nairobi mwaka mzima wa 1971, akajifunza kuendesha swichibodi, mashine ya kuunganisha simu, akafaulu vizuri. Ofisi nne zilikuwa zimeisoma barua hiyo, na zote zilimpa chai, si kazi. Hii ilikuwa ya tano na ya mwisho. Akikataliwa hapa, kesho angepanda basi kwenda Endarasha kwa kaka yake Mutahi, akae jikoni amenye viazi mpaka azeeke, na wageni wakifika waambiwe kwa sauti ya chini kwamba maskini ana bahati mbaya. Kabura hakuwa na bahati mbaya. Alikuwa na cheti.

Kwa hiyo hakuinuka kitini.

"Haya, nieleze," Hezekiah akasema, kwa sauti ya mtu anayemtegea mtoto kitendawili. "Hiyo mashine iko na laini ishirini. Utajua aje ni nani anapiga?"

"Kila laini iko na kifuniko kidogo. Mtu akipiga kinaanguka, na kikianguka kinalia. Napapasa, najua ni ya ngapi. Nipe dakika tano nikuonyeshe."

"Usiiguse. Hiyo ni mali ya wanachama."

Pembeni, karani Moffat alikohoa. Tangu opereta wa zamani aolewe Nanyuki, Moffat ndiye aliyeshikilia mashine hiyo, na jana tu alimuunganisha mnunuzi wa kutoka Nakuru na mlinzi wa ghala. Wawili hao walizungumza habari za mvua kwa dakika kumi. Moffat ana macho mawili, na yote ni mazima.

"Unajua nataka mtu wa aina gani?" Hezekiah akaendelea. "Nataka mtu kama Watiri wa posta. Kila simu ya huu mji inapita kwa mkono wake. Miaka tano sasa, na hajawahi kunipa laini yenye si yangu. Mimi na yeye hatujawahi kukutana, lakini nikisema tu haro, ashanijua. Huyo ndiye mtu ako macho kazini."

Kabura alihisi hasira ikimpanda, kisha ikatulia mahali pazuri. Akailaza fimbo magotini.

"Basi muulize yeye," alisema. "Watiri akisema asiyeona hawezi hii kazi, nitatoka na hutaniona tena. Na akisema anaweza?"

Meneja alicheka mpaka kiti kikalia. "Akisema anaweza, unaanza Jumatatu. Moffat, andika hayo maneno. Sitaki kesho kanisa lije kuniambia ati nilimnyima nafasi."

Kalamu ilikwaruza karatasi. Kabura alingoja mpaka ikasimama.

"Sasa weka sahihi, mzee."

Hezekiah hakuzoea kuagizwa na mtu aliyekuja kuomba kazi, lakini aliweka sahihi, akiburudika.

"Saa ngapi sasa?" Kabura aliuliza.

"Kumi na nusu," alijibu Moffat.

"Basi piga, mzee. Sina jioni yote."

Hezekiah alizungusha kishikio cha simu yake ya mezani, iliyokwenda moja kwa moja posta, akasema haro. Sauti ikatoka, nyembamba lakini safi, ofisi nzima ikaisikia.

"Habari ya saa hizi, mzee Hezekiah. Nikupatie Nairobi?"

"Umesikia huyo?" meneja alimnong'oneza Kabura, akijivuna utadhani Watiri ni binti yake wa kumzaa. Kisha akarudi kwenye simu. "Leo sitaki Nairobi. Nataka uniambie ukweli, wewe mwenye unaijua hii kazi. Kuna msichana hapa anaitwa Kabura. Haoni hata kidogo, na anataka nimkalishe kwa swichibodi. Mtu kama huyo anaweza kazi yenye unafanya?"

"Anaweza."

Kalamu ya Moffat ilianguka sakafuni, na hakuna aliyeiokota.

"Watiri, hebu fikiria kwanza. Mimi naongea juu ya mtu haoni. Haoni kabisa."

"Nimesikia, mzee. Anaweza. Mpe kazi."

"Lakini wewe unajua aje?"

Waya ulivuma. Kwa mbali, ndani ya simu, kifuniko kidogo kilianguka, kikalia, na Kabura akasikia kidole kikikipapasa na kukirudisha mahali pake.

"Mwambie asichelewe kuniletea fimbo yangu," alisema Watiri. "Natoka kazini saa kumi na moja."