Padogo

Ile chupa ya chai ya Kichina, zile zilizojaa Kyela baada ya ruksa ya bidhaa za nje, ilikuwa imefichwa nyuma ya gunia la mpunga. Kenani aliitoa, akasimama nayo.

Mama yake, aliyetumwa kuipeleka, alisema ameiacha hospitalini Mbeya. Ndani, kwenye barafu, daktari mtafiti aliweka kipande cha nyama alichokikata kwenye uvimbe ulioota katika njia ya haja kubwa ya Kenani.

"Tutapima vimeng'enya vyake," daktari alisema siku hiyo. "Vitatuonyesha kama mionzi itausinyaza kabla ya upasuaji, au itakuunguza bure."

Sasa daktari huyo alikuwa ameshafunga kazi na kurudi kwao, na hapakuwa na mwingine wa kupima.

"Mama, nyama iko wapi?"

Mama hakuacha kumenya ndizi. "Nilishukia Tukuyu, nikarudi. Nimeizika migombani, baba, kilipo kitovu chako. Wakishapima si wanatupa jalalani? Mtu wa hapa hatupwi ugenini."

Kenani alitoka. Chini ya mgomba palikuwa na kituta kidogo, kimefagiliwa, kimezungushiwa mawe meupe ya ziwani.

Alirudi na jembe, akaliweka miguuni pa mama yake.

"Kapanue, Mama. Umenichimbia padogo."