Vikaratasi vya Maneno Mawili Mawili

Kikaratasi cha nne kilikuwa chini ya mto wake. MAKE AN APPOINTMENT. Herufi kubwa, hati isiyo na mwenyewe.

Fundi wa majokofu alikiweka pamoja na vile vya mfuko wa ovaroli na kiboksi cha nyembe. Nyumba ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mkewe.

"Hivi ni vya nani?"

Mkewe hakuinua macho kwenye cherehani. "Mimi Kiingereza nakijulia wapi? Msomi wetu si wewe?"

Msomi. Uongo huo aliuanza siku ya posa, na Ijumaa ungemuumbua: usaili wa ukuu wa karakana, Kiingereza mwanzo mwisho. Badala ya kujiandaa, alishinda na kamusi, akisaka neno moja moja. Tengeneza miadi. Tunza ahadi. Miadi na nani? Ahadi gani?

Alimshuku mwalimu, jirani yao. Suruali ya mwalimu huyo ilikuwa imepunguzwa mara tatu, na kila mara mke wa fundi aliipeleka mwenyewe.

"Suruali gani hiyo haiishi kupunguzwa?"

"Amekonda."

Mwalimu alikuwa na tumbo kama pipa.

Wivu ulimkaba. Alivisoma vikaratasi akinyoa, akavisoma amelala chini ya majokofu ya watu, akavihifadhi vyote ili avitaje siku ya kumfumania. Alhamisi kikaja cha kumi na saba, ndani ya kiatu: LOSE PATIENCE. Kupoteza subira. Hata yeye yake ilikuwa imekwisha. Aliapa kwamba usaili ukipita tu, anamrudisha mkewe kwao.

Ijumaa msaili alimuuliza jambo refu kuhusu wateja. Ndani yake fundi akayasikia maneno mawili anayoyajua: mteja akipoteza subira. Alifungua kinywa bila tumaini. Kiingereza kikatoka maneno mawili mawili, yameshikana: kuweka miadi, kutimiza ahadi, kukubali kosa. Wasaili waliitikia kwa vichwa, wakaandika.

Alirudi na barua ya cheo. Hakuitoa. Alivimwaga vikaratasi juu ya cherehani.

"Nieleze."

Mkewe alivihesabu kwa kidole, akashusha pumzi.

"Kumi na saba. Kumbe na kile cha kiatuni ulikiona," alisema. "Mwalimu aliponiandikia, niliogopa utakikanyaga tu mpaka kwenye usaili."