Dua ya Mama

Tangu mji ufungwe kwa sababu ya maradhi, hakuna aliyebisha hodi kwa Mwanakheri. Alibaki na mama yake, ambaye usahaulifu wa uzee ulikuwa umemfutia kila kitu, hata sura ya bintiye. Sala tu ndiyo iliyombakia. Kila jioni walikaa mkekani, mama akaomba dua, binti akaitikia, na hapo Mwanakheri alipata nguvu za kuikabili kesho.

Jioni ile mama aliinua mikono.

"Ewe Mola, niondolee huyu mwanamke aliyenifungia ndani. Ananivua nguo, ananilisha kwa nguvu. Mshushie hayo maradhi ya huko nje, kisha unirudishie Mwanakheri wangu."

Mwanakheri aliinamia mkeka.

Mama akamgeukia kwa upole, kama anayemfunza mgeni adabu. "Mwenzangu, dua haiachwi bila kuitikiwa. Au huna Mungu?"

"Ninaye, mama."

"Basi itikia."

Mikono ya mama ilikuwa ingali juu, ikitetemeka kwa uchovu.

"Amina," alisema Mwanakheri.

Mama akajipangusa uso kwa viganja, akaugeukia mlango, akakaa kumngoja mwanawe.